Kipya Kinyemi, Kingawa Kidonda: Amplifaya Mpya na Sikio la Zamani

Wengi huitumia methali hii kuwakejeli wapenda mapya, na hapo huipunja. Haisemi kwamba kipya ni kibaya, wala haikani utamu wake. Kidonda kimetajwa ili hoja ifike ukingoni: ikiwa hata kinachouma humvuta mtu kwa kuwa ni kigeni kwake, basi upya una mvuto wake wenyewe, mbali na ubora wa kitu. Methali inamsema hakimu kuliko kinachohukumiwa. Ndiyo maana inamwelekea sana mpenzi wa vyombo vya muziki, yule anayeuza amplifaya nzima ili anunue nyingine, na akiiwasha huapa kwamba anasikia vinanda ambavyo hajapata kuvisikia. Huenda wala hasemi uongo. Linalobaki ni kujua kama alichokisikia kimetoka kwenye amplifaya au kwenye upya wake.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive walichapisha utafiti ambamo wasikilizaji walizipa alama spika zilezile kwa njia mbili: wakiziona, na zikiwa zimefichwa. Alama zilibadilika. Kilichoonekana kwa macho kiliingia katika hukumu ya masikio, hata kwa wazoefu. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran wakatoa matokeo ya majaribio zaidi ya 550, ambamo rekodi za kiwango cha juu zililinganishwa na rekodi hizohizo zilizoshushwa hadi kiwango cha CD. Wasikilizaji walipatia karibu nusu tu, sawa na kurusha sarafu. Si ajabu: CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, huchukua vipimo 44,100 vya sauti kila sekunde, na hivyo vyatosha kubeba masafa hadi Hz 20,000, ukomo wa sikio la kijana. Sikio la mwenye uwezo wa kununua vyombo vya bei ya juu, ambaye kwa kawaida mvi zimeshaanza kumtembelea, haliufikii hata ukomo huo.

Mpinzani anazo hoja, na si nyepesi. Mwaka 2016 Joshua Reiss alikusanya tafiti zilizotangulia akakuta kwamba wasikilizaji waliitambua tofauti kati ya rekodi za kiwango cha juu na za CD katika asilimia 52.3 ya majaribio, na waliofunzwa wakafanya vizuri zaidi. Tofauti ipo, basi. Lakini tofauti inayodai mafunzo na utulivu wa maabara siyo ile ambayo mnunuzi hudai imemshtua tangu wimbo wa kwanza. Atasema pia kwamba spika hazilingani, na hapo nakubali bila kusita. Spika mbovu ibadilishwe. Chumba chenye mwangwi kitiwe zulia na mapazia mazito. Spika iliyobanwa kwenye kona isogezwe, maana besi itabadilika kuliko kwa waya wowote wa bei mbaya. Hizo ni sababu za kubadili mara moja, kwa kasoro inayojulikana, si ruhusa ya kubadili kila mwaka. Tena rekodi yenyewe ina mpaka wake: sauti ya mwimbaji wa taarab Siti binti Saad ilirekodiwa Bombay mwaka 1928, na masafa ambayo hayakuingia kwenye santuri zile hayatatolewa na spika yoyote.

Iko hoja ya tatu, ambayo naiheshimu zaidi: furaha ni furaha, na pesa ni zake. Methali haimnyimi, imekiri unyemi tangu neno la pili. Ila raha iliyotokana na upya huchakaa pamoja na upya, na ikiisha hudai nyingine, hivyo anayeinunua kwa jina la ubora wa sauti hulipa bila kufika. Raha ya muziki ni kinyume chake, kwani wimbo mzuri huongezeka ladha kadiri unavyozoeleka.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujatoa pesa, funika amplifaya zote mbili kwa kitambaa, sawazisha sauti zake kwa kipimo, kwa sababu inayozidi kidogo tu husikika kuwa bora, kisha mwombe mwenzako azibadilishe mara kumi na tano au ishirini bila kukuambia ipi inacheza. Ukishindwa kuitambua mpya, ile ya zamani ingali inakutosha.