Furaha Isiyo na Masimbulizi

Liko swali ambalo mtu aweza kulicheka kwa udogo wake, lakini akilishika vizuri huliona kuwa ni zito. Mzazi anapomwamsha mtoto mdogo alfajiri na mapema ili ampeleke mahali pa mchezo, furaha ile anamtafutia nani? Anamtafutia mtoto, au anaitafutia nafsi yake? Na mtoto yule asipofurahi, je, amemkosea mzazi wake?

Swali hili sikulipata vitabuni. Nililipata ufukoni mwa Ziwa Nyasa, siku ya pili ya Idd el-Hajj, mwezi wa Juni mwaka 2024.

Kwetu ni Matiri, wilaya ya Mbinga. Sisi ni watu wa milimani, wakulima wa kahawa, mahindi na maharage, na ziwa tunalisikia zaidi kuliko tunavyoliona. Samaki wake hutufikia sokoni wakiwa wakavu. Binti yangu, ambaye siku zile alikuwa na umri wa miaka minne, alikuwa amekwisha kuniuliza mara nyingi kama ni kweli kwamba yako maji makubwa kuliko mto. Nikamwahidi kwamba Idd ikifika tutakwenda Mbamba Bay akayaone. Na ahadi kwa mtoto ni ahadi kama ahadi nyingine. Haipungui uzito kwa sababu aliyeahidiwa ni mdogo.

Tuliamka saa tisa na nusu usiku. Juni kwetu ni mwezi wa baridi, na kumtoa mtoto katika blanketi saa ile ni kazi. Mama yake akamvisha masweta mawili juu ya gauni lake la Idd, nami nikambeba mgongoni mpaka barabarani, tukasimama gizani kungoja gari tulilokodi pamoja na jirani. Sala ya alfajiri tuliiswali Mbinga mjini, kisha tukaishika ile barabara ya lami ya kilomita 66 inayoteremka mpaka Mbamba Bay, kona juu ya kona. Mtoto alitapika mara mbili.

Tulipofika, jua lilikuwa bado nyuma ya milima, maana ufuko ule unatazama magharibi, na asubuhi kivuli hukaa juu ya mchanga kwa muda. Wavuvi walikuwa wamekwisha kurudi na dagaa wao wa usiku. Upepo wa mwera ulikuwa unavuma, na mawimbi yalikuwa yanapiga. Nikamwambia binti yangu, "Haya, ziwa ndilo hili!" Akalitazama, akasema anataka kulala.

Nikamvua viatu, nikamshika mkono ili nimwingize majini. Akalia. Nikambembeleza, akazidi kulia. Mkononi nilikuwa nimeshika simu tayari kumpiga picha, niwatumie jamaa walio mbali waone jinsi tulivyosherehekea. Hapo ndipo ulimi wangu ulipoteleza. Nikamwambia mtoto wa miaka minne, kwa sauti iliyowafanya watu wageuke: "Nimeamka usiku kwa ajili yako, nimelipa nauli, nimeacha kazi zangu, na wewe umekuja kulia? Furahi basi!"

Bibi mmoja aliyekuwa anaanika dagaa karibu yetu aliinua uso. Nikamwamkia, akaitika, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, mwache. Ziwa haliondoki."

Nikaona haya. Nikakaa mchangani.

Si Jambo la Matiri Peke Yake

Mtu aweza kudhani kwamba huu ni udhaifu wa watu wenye nauli ya kuhesabu. La. Wenye fedha nyingi nao wamo, na wao wamejenga miji mizima kwa ajili ya mchezo.

Jambo lenyewe ni la zamani. Nje kidogo ya Copenhagen, nchini Denmark, iko bustani ya michezo iitwayo Bakken, ambayo historia yake huanzia mwaka 1583. Na ndani ya mji wenyewe bustani ya Tivoli ilifunguliwa mwaka 1843. Huko Marekani, uwanja wa Disneyland ulifunguliwa tarehe 17 Julai 1955 katika mji wa Anaheim, jimbo la California. Mwanzilishi wake, Walt Disney, alipata kueleza kwamba fikira ya mahali pale ilimjia alipokuwa akiwapeleka binti zake wawili kwenye pembea ya farasi wa mbao katika bustani ya Griffith, Los Angeles. Watoto walikuwa wanazunguka na farasi wao, naye baba amekaa juu ya benchi, hana la kufanya. Akaona inafaa pawepo mahali ambapo wazazi na watoto watafurahi pamoja.

Hiyo ilikuwa fikira njema, wala hatuwezi kuilaumu. Lakini tutazame mahali ilipofika. Tikiti za viwanja hivi ni ghali, na familia nyingi huweka akiba muda mrefu kwa ajili ya siku chache tu. Kwa hiyo kila saa ya mtoto imekuwa na bei. Katika viwanja vya kampuni hiyo huko Florida, wageni waliolala katika hoteli zake huruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya wengine, na mwenye uwezo zaidi aweza kununua njia ya kuikwepa foleni. Michezo mingine haimpokei mtoto mpaka afikie kimo fulani, hata kama amesafiri siku nzima kuifuata. Ndiyo sababu wazazi wenye watoto wadogo huamka kungali giza, wakakimbilia lango, ili wapate kucheza kabla jua halijawa kali na watu hawajajaa.

Sababu hizo ni za akili. Lakini mtoto wa miaka mitatu au minne hajui hesabu ya tikiti. Adhuhuri inapokaribia amechoka, anajitupa chini na kulia mbele ya mchezo uleule aliousubiri. Na baba yake, kwa lugha ya kwao, humwambia maneno yaleyale niliyoyasema mimi Mbamba Bay: tumetoka mbali, tumelipa, basi furahi!

Zawadi Inapogeuka Deni

Wazee wetu wamesema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Baqara, imetuonya kwamba sadaka huharibiwa na masimbulizi na maudhi. Mafundisho haya tumezoea kuyaelekeza kwa maskini anayebisha hodi mlangoni. Tunajua kwamba ni vibaya kumpa mtu kibaba cha unga leo na kesho kumtangazia kwamba umempa.

Lakini nani maskini zaidi kuliko mtoto mdogo? Hana fedha, hana gari, hana saa. Siku ya safari hakuichagua yeye, wala saa ya kuamka. Kila alicho nacho amepewa. Basi mtu kama huyu akisimbuliwa, atalipa kwa kitu gani? Sarafu aliyo nayo ni moja tu, nayo ni uso wake. Sisi tunamtaka acheke, ili kicheko chake kiwe risiti ya nauli yetu.

Na hapa ndipo madhara yanapoingia. Mtoto si mjinga. Akiona kwamba mkubwa hukasirika asipocheka, atajifunza kucheka hali moyo wake haucheki. Ataonyesha furaha asiyokuwa nayo, na kuificha huzuni aliyo nayo. Huo ni mwanzo wa kuwa na nje isiyofanana na ndani, na walimu wake wa kwanza tutakuwa sisi wazazi, tena katika siku ya sikukuu.

Nilipokuwa nimekaa pale mchangani niliipima nafsi yangu, nikaona jambo ambalo sikulipenda. Mimi katika utoto wangu sikupata kupelekwa ziwani. Baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kazi nyingi na kipato kidogo. Basi nilikuwa nimembeba binti yangu gizani ili anilipie utoto wangu mimi. Nilitaka yeye afurahi furaha yangu. Alipokataa, nilikasirika kama mtu aliyedhulumiwa, na hali yeye hakuwa na deni langu lolote.

Je, Mtoto Asifunzwe Kushukuru?

Msomaji aweza kuuliza: "Je, wataka tuwalee watoto wasiojua thamani ya jasho la wazazi wao? Na mtoto akilia, basi yeye ndiye awe mkuu wa nyumba?"

Swali hili ni la haki. Nauli ile ilitoka katika kahawa, na kahawa haichumwi kwa maneno. Mtoto yampasa kufunzwa kusema ahsante kwa dereva, kumwachia mwenzake zamu, kutotupa chakula, kumwamkia mkubwa. Akimpiga ndugu yake aonywe. Akikimbilia maji ya kina azuiwe hata kama atalia, maana Ziwa Nyasa ni miongoni mwa maziwa yenye kina kirefu sana duniani, na mawimbi hayana huruma.

Lakini tutenganishe mambo mawili. Shukrani ni adabu, na adabu hufunzwa. Furaha ni hali ya moyo, na moyo haupokei amri. Mtoto aonywe kwa kosa alilolitenda, asionywe kwa furaha aliyoikosa. Tena shukrani haifunzwi kwa kuhesabiwa gharama mbele ya watu. Mtoto hujifunza kushukuru kwa kumwona baba yake akimshukuru mama yake aliyeamka kabla ya wote kupika chai na kufunga vitumbua vya njiani.

Wala mtu asiseme kwamba mchezo wa mtoto ni upuuzi usiostahili mazungumzo haya. Nabii Yaakub (a.s.) aliombwa na wanawe wamchukue Yusuf akacheze, naye hakuukataa mchezo, alichokihofia ni usalama wa mtoto. Na imepokewa kwamba siku ya Idd, Wahabeshi walipokuwa wakicheza kwa mikuki na ngao msikitini, Mtume (s.a.w.) alimsimamia Bibi Aisha atazame, wala hakumwondoa mpaka yeye mwenyewe alipotosheka. Imepokewa pia kwamba alipata kurefusha sijida mpaka watu wakadhani limetokea jambo, na alipoulizwa akaeleza kwamba mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha.

Tuyatafakari hayo. Yeye aliyekuwa na umma mzima wa kuuongoza aliuacha mwisho wa mchezo mikononi mwa anayecheza. Na sisi wenye nauli ya gari tunamharakisha mtoto acheze kabla saa zetu hazijakwisha!

Kuamka Mapema si Kosa

Nisifahamike kwamba nakataza safari za alfajiri. Asubuhi ina baraka yake, na mwenye mtoto mdogo akitoka mapema humwepusha na jua na msongamano. Neno langu ni kwamba mzigo wa mapema ile aubebe mkubwa. Mtoto alazwe mapema usiku wa kuamkia safari. Abebwe akiwa amelala, wala asilaumiwe kwa kusinzia. Akifika, apewe muda wa kuzoea mahali. Litosheke jambo moja, si lazima mambo kumi. Akitaka kucheza na kokoto karibu na ziwa kubwa, ziwa halitakasirika. Na gharama ya safari ibaki baina ya baba na mama. Mtoto asiisikie mpaka awe mkubwa wa kuuliza mwenyewe.

Siku ile binti yangu alilala mapajani mwangu mpaka yapata saa nne. Alipoamka, jua lilikuwa limeufikia mchanga. Bibi wa dagaa akamwazima sufuria kuukuu, naye akachimba shimo, akawa anachota maji na kulijaza, na shimo linakunywa, naye anachota tena. Majini hakuingia kupita vifundo vya miguu. Alicheka mara nyingi, wala mimi sikumwomba. Picha sikupiga.

Jioni tuliporudi Matiri, bibi yake, mama yangu mzazi, alimpokea akamwuliza, "Haya mjukuu wangu, umeona nini huko?" Mimi nikangoja asikike akisema ziwa, au mitumbwi, au mawimbi.

Akasema, "Nimeona nyota nyingi."

Alikuwa anasema habari za barabarani hapahapa kwetu, saa ile ya giza tulipokuwa tunangoja gari, naye yuko mgongoni kwangu, nami nadhani amelala. Hakuwa amepata kuwa nje saa kama ile maishani mwake. Nyota zile hazikuwa katika hesabu ya safari yangu, wala sikuzilipia nauli.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwapa watoto wetu pasipo kuwasimbulia, na atusamehe maneno tuliyokwisha kuwaambia. Amin.