Mkono Uliobaki Hewani

Katika Sura ya An-Nahl, pale Mwenyezi Mungu anapotukumbusha kwamba tulitoka matumboni mwa mama zetu hatujui lolote, kisha akatupa masikio, macho na nyoyo, masikio ndiyo yaliyotajwa kwanza. Hukumbuka mpangilio huo kila ninapopita chuoni watoto wakijifunza kaswida. Na kweli mtoto husikia kabla hajaona: miezi ya mwisho tumboni sauti ya mama humfikia, naye akizaliwa huitambua.

Sisi wazazi tuna haraka ya kuona faida. Mwaka 1993 watafiti wa California waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu dakika 10 za Mozart, wakawaona wakipanda kidogo katika jaribio la kuwazia maumbo, kwa takriban robo saa tu. Walikuwa watu wazima. Hata hivyo, mwaka 1998 gavana wa Georgia, Marekani, aliomba dola 105,000 ili kila mtoto mchanga apelekewe rekodi ya muziki. Simcheki. Nani asiyetamani akili imwingie mwanawe akiwa usingizini?

Ila dufu la kaswida halimwingii mtoto aliyelala. Linataka kiganja. Ustadhi huyaanika madufu juani mpaka ngozi ikaze, kisha watoto hupiga magoti bega kwa bega. (Wapo masheikh wasiolipenda dufu, mjadala huo nawaachia wenyewe.) Kiganja kikitua katikati mlio ni mzito, vidole vikigusa ukingoni ni mkali. Kupiga si kazi. Kazi ni kungoja. Mtoto wa miaka saba kuuzuia mkono wake kwa ajili ya wenzake, hiyo kwangu ni ibada.

Beti nazo zina mizani. Asiyejua kusoma bado hung'amua kwamba silabi imepungua, kwa kuwa mkono umebaki hewani. Siku mwalimu wa darasa la kwanza atakapomwambia aligawe neno, kiganja chake kimeshaligawa zamani.

Kisha yupo mwenye kigugumizi, ambaye kutaja jina lake tu humtoa jasho. Akiimba safuni, maneno humtoka bila kukwama. Kaswida ikiisha, kigugumizi hurudi. Hapo mimi huona haya kuulizia faida, maana kwa beti zile chache ulimi wake ulikuwa huru kama wa wenzake, na ustadhi ameshaanzisha nyingine.