Kwani Kupenda ni Punguzo?

Kuna sentensi moja ambayo watu wa kazi za mikono wameisikia mpaka imewachosha: "Lakini si unapenda kuifanya?" Huja mara tu bei inapotajwa. Mchora hina huambiwa. Anayeoka keki nyumbani huambiwa. Anayesuka mikeka huambiwa, tena kwa tabasamu, kana kwamba anasifiwa. Ukiichambua, sentensi hiyo ni hoja kamili ya maadili. Inadai kwamba furaha unayoipata kazini ni sehemu ya malipo yako, kwa hivyo mimi mnunuzi nina ruhusa ya kuikata kwenye pesa. Naona hoja hiyo si ya haki. Nitaeleza kwa nini kupitia mtu anayefanya kazi mbili anazozipenda kwa mikono ileile: anasuka ukindu, na anapika.

Tumweke Funzi. Ni kisiwa kidogo kusini mwa Msambweni. Unavuka kwa boti kutoka Bodo, unapita mikoko, na mdomo wa mto Ramisi uko karibu. Watu wa huko wana lahaja yao, Kichifundi, inayobeba jina la kisiwa chenyewe. Mama ninayemzungumzia hana jina, maana si mtu mmoja. Ni maisha ambayo yeyote aliyekaa Kwale atayatambua.

Asubuhi mbaazi ziko motoni. Zinachukua muda, na muda huo haukai bure: chane za ukindu ziko pembeni, zimelowekwa kidogo ili zisikatike, na ukili unaendelea kusukwa. Jirani akipiga hodi anaitikiwa, anakaribishwa, anapewa habari zote za mtaa, na mkono hausimami. Adhuhuri ni zamu ya wali wa nazi. Maji yakikauka anapalia makaa juu ya kifuniko, kisha anarudi kwenye ukili wake. Siku ya rangi kuna sufuria kuukuu inayochemshiwa chane, zambarau au kijani, na hiyo hairudi tena kupika chakula. Jioni samaki wanachomwa, tui zito linapikwa kando na ndimu, bizari na pilipili, halafu wanapakwa. Huyu mama anapenda kupika kwelikweli. Ataonja mchuzi mara tatu, na hatakubali mwingine atie chumvi.

Sasa muulize anafanya kazi gani. Atakujibu, "Sina kazi mwanangu, niko nyumbani tu."

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Kazi zake mbili zimefumana kiasi kwamba kila moja inaificha nyenzake. Ukili unaonekana ni kitu cha kupitishia muda chakula kikiiva. Chakula nacho kinaonekana ni jambo la kawaida tu la nyumba. Mnunuzi akija anaona mtu aliyekaa kwenye mkeka, ametulia, anapiga soga. Anajisemea, huyu anapumzika.

Lakini hebu angalia jiko lenyewe. Nazi ikishakunwa kwenye mbuzi, jadi ni kukamuliwa kwa kifumbu, na kifumbu kimesukwa. Mchele unapepetwa kwa ungo, nao umesukwa. Makaa yanapepewa kwa kipepeo, chakula kinafunikwa kwa kawa, samaki wanaletwa kwenye pakacha la kuti bichi. Ukiviondoa vyote hivi, mapishi ya Pwani tunayojisifia nayo yasingekuwa hivi yalivyo. Na ukitoka jikoni ukaenda baharini, utakuta hadithi ileile. Mitepe ya pwani ya Lamu ilikuwa vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Watu walisafiri na bidhaa zao wakisukumwa na kitu kilichosukwa kwa mkono. Ususi haujawahi kuwa pambo la pembeni kwetu.

Kwa nini basi tunauona mdogo? Nadhani ni kwa sababu vitu hivi vimetengenezwa ili viishe. Wali utaliwa leo. Mkeka utakaliwa, utalaliwa, utachakaa. Tumezoea kudhani kwamba kazi kubwa ni ile inayodumu, inayowekwa mahali pasipoguswa. Si sisi peke yetu. Ujerumani, shule ya sanaa ya Bauhaus ilipofunguliwa mwaka 1919, wanawake wengi walielekezwa kwenye karakana ya ufumaji hata kama walitaka fani nyingine. Mmoja wao, Anni Albers, alikuja kuwa mfumaji wa kwanza kupewa maonyesho yake binafsi katika jumba la MoMA, New York, mwaka 1949. Nyuzi ni zilezile. Macho ya watazamaji ndiyo yaliyobadilika.

Haya, tuje kwenye pesa. Chukua mkeka wa urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.2, wa ukili wenye upana wa sentimita 6. Ili kuujaza mkeka huo unahitaji kama mita 40 za ukili, yaani pima 22 hivi, ukihesabu mikono miwili iliyonyooshwa. Tuseme pima moja inachukua saa 2. Hizo ni saa 44 za kusuka tu. Bado hujakata ukindu, hujauanika, hujauchana, hujautia rangi, na hujaushona ukili ukawa mkeka. Tuseme umeuza kwa shilingi 2,000. Gawanya mwenyewe kwenye simu: haifiki shilingi 46 kwa saa, na gharama ya rangi haijatolewa. Nambari hizi ni za mfano. Muulize msukaji unayemjua akupe zake, halafu urudie hesabu. Baada ya hapo, jaribu kutamka "bei ya mwisho ni ngapi?" kwa sauti ileile uliyoizoea.

Msomaji makini ataniuliza: huyohuyo mama si anapika bure? Mgeni akitokea wakati wa chakula hatoi bili. Ikiwa chakula anakitoa kwa mapenzi, kwa nini mkeka auuze kwa ukali wa saa na dakika?

Swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha jambo lote. Chakula hakina bei kwa sababu yeye ameamua kisiwe na bei. Ni karama yake, na karama ina mwenyewe. Hata dini inayofuatwa Funzi inalijua hilo. Wanazuoni wengi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Pwani yetu, wanasema kupika si wajibu wa kisheria wa mke. Akipika ni hisani yake. Sisi huku mtaani tumeigeuza hisani kuwa haki yetu, mpaka tukaisahau kabisa. Sheria ya nchi pia ina neno. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani na kulea watoto kuwa mchango, ingawa Muislamu anaruhusiwa kufuata sheria ya Kiislamu katika mambo ya mali ya ndoa. Kisha Januari 2023 Mahakama ya Juu ikasema kwamba mgawanyo wa nusu kwa nusu haujitokezei wenyewe. Kila upande uonyeshe mchango wake. Sasa niambie, mtu aliyejibu miaka yote "niko nyumbani tu" ataonyesha nini? Nani alikuwa anaandika sahani alizopakua?

Kwa hivyo tofauti haiko kati ya kitu kinacholipiwa na kisicholipiwa. Iko kwenye nani anayeamua. Mama akikupakulia samaki wa kupaka kwa hiari yake, amekupa zawadi. Wewe ukishusha bei ya mkeka wake kwa kisingizio kwamba anafurahia kusuka, umejichukulia zawadi ambayo hakukupa. Ukarimu wa mtu hauwi leseni ya kumkata.

Najua kuna pingamizi mbili. Ya kwanza: kupatana bei ni mila yetu, na mnunuzi mwenyewe ana hali yake. Kweli kabisa. Kupatana kuna raha yake, na mtu asiye na uwezo ana haki ya kusema, "Mamangu, leo nina hizi tu." Hapo anaomba, na mwenye mali anaweza kukubali au kukataa bila kudharauliwa. Anayesema "si unakaa tu nyumbani" haombi. Anamwambia mwenziwe kwamba wakati wake hauna thamani. Shilingi zinazopungua zinaweza kuwa zilezile, lakini tendo ni jingine.

Pingamizi ya pili inanigusa zaidi: je, tukianza kuhesabu saa hatutaua ile raha yenyewe? Mtu anayesuka kwa kutazama saa huenda akaacha kusuka vizuri. Ninaihofia hatari hiyo. Hata hivyo, naona raha inakufa haraka zaidi kwa njia nyingine: binti anapomtazama mamake akisuka wiki nzima kwa pesa zisizonunua hata gesi ya mwezi, akaamua kwamba yeye hatagusa ukindu kamwe. Huwezi kumlaumu binti huyo. Amepiga hesabu na imemkalia sawa. Wengine wetu tunaosoma haya kwenye simu, Ukunda au Nairobi, ndio wajukuu wa hesabu hiyo. Ukili hatuujui, na kifumbu wengine tungekitazama tusijue kinaenda wapi.

Mimi sina suluhisho kubwa. Nina tabia ndogo ninayoipendekeza. Ukienda kununua mkeka, kikapu au kawa, kabla ya kuuliza bei uliza: "Umechukua muda gani huu?" Subiri jibu, maana huenda yeye mwenyewe hajawahi kuulizwa, na itabidi afikirie. Atahesabu kwa siku, kwa pima, kwa vyungu vilivyopikwa katikati. Mkishafika hapo, bei itajadiliwa na watu wawili wanaojua kinachouzwa. Na akikukaribisha chakula, kaa ule. Hicho kweli hukidaiwi. Ila ukishiba, sema ahsante kwa jina lake, na usimwambie mtu yeyote kwamba huyu mama hana kazi.