Anayeamka Ndiye Aliyelala?

Kompyuta ikilazwa haizimwi. Mfumo endeshi husimamisha kwanza programu zote, kisha huvipitia vifaa na kuvipunguzia umeme kwa zamu, kinachotegemea kikitangulia kinachotegemewa: kipanya kabla ya kidhibiti cha USB, kidhibiti kabla ya njia inayokiunganisha na kichakataji. Kuamka huwa kinyume chake. Umeme hubaki kwenye kumbukumbu ya muda, ambayo isipohuishwa mfululizo husahau yote, na kwa vile vilivyoruhusiwa mapema kuamsha: kitufe, kifuniko, saa. Waraka wa ACPI wa kanuni za umeme wa kompyuta, uliotolewa na Intel, Microsoft na Toshiba mwaka 1996, huuita usingizi huu S3. Ule wa S4 ni mzito zaidi: yaliyomo kwenye kumbukumbu hunakiliwa kwenye diski, kisha umeme hukatwa.

Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, tofauti hii si ya vitabuni. Ndani ya saiba ya Kayole au Umoja, laptopu ya mtumba ambayo betri yake ilishakufa huishi kwa waya wa ukutani tu. Stima ikipotea, kama ilivyopotea karibu nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, iliyolala S3 haiamki tena. Itawashwa upya, na barua ya kuomba kazi ambayo haikuwa imehifadhiwa imekwenda. Iliyolala S4 huirudisha barua yote, hata kishale kikipepesa palepale katikati ya neno. Ajabu ni kwamba iliyopotea ndiyo iliyokuwa imebakiziwa uhai kidogo, na iliyorudi haikuwa na chochote ndani yake kilichokuwa kikiendelea.

Hapo ndipo linapoibuka swali ambalo dini zilikuwa nalo kabla ya umeme: anayeamka ndiye aliyelala? Pumwani, mtaa wenye Waislamu wa miaka mingi na Msikiti wa Riyadha, mwamini akifumbua macho humshukuru Mungu aliyemhuisha baada ya kumfisha. Sura ya Az-Zumar ya Kurani, aya ya 42, inaeleza kuwa Mungu huzichukua roho wakati wa kufa na wakati wa kulala, akazizuia za wenye kufa na kuzirudisha nyingine hadi muda wao. Katika mafundisho haya roho haikatiki hata kaburini. Iko mikononi mwa Mwenyewe. Waadventista Wasabato wanafundisha tofauti: aliyekufa hajui lolote, hakuna sehemu yake inayoendelea kufikiri, mpaka afufuliwe. Mafundisho ya kwanza yanakaribiana na S3, ya pili na S4, ingawa hakuna shehe wala mchungaji atakayependa kuwekwa kwenye jedwali la mafundi.

Mafundisho ya pili yana mtihani wake. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika toleo la 1694 la kitabu chake kuhusu akili ya binadamu, aliweka utambulisho wa mtu kwenye fahamu: yule anayekumbuka matendo ya jana kama yake ndiye aliyeyatenda. Kwa kipimo hicho S4 imefaulu. Lakini kilichoandikwa hunakilika. Hali iliyohifadhiwa ya kompyuta ya kuigizwa, ile inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine, huweza kunakiliwa na kuamshwa mara mbili, na kila moja ikaikumbuka barua ileile kama yake. Haziwezi zote mbili kuwa ile moja. Kwa hiyo kumbukumbu, hata ikiwa kamili, haitoshi. Waandishi wa mfumo endeshi wa Linux wameligusa tatizo hili kwa upande wa vitendo: mfumo unapoamka kutoka S4 hufuta alama ya nakala ile kwenye diski, maana ikisomwa mara ya pili, huku mafaili yamekwisha kubadilika, huyaharibu. Muumini ana jibu lake, kwamba Mungu hafufui mtu mmoja mara mbili. Ni jibu la haki, ila linahamisha utambulisho kutoka kwenye kumbukumbu hadi kwenye uaminifu wa anayeitunza.

Halafu kuna ulimwengu uliobaki macho. Vijana wa pangoni katika Sura ya Al-Kahf, waliolala miaka mingi, waliamka wakidhani wamelala siku moja au sehemu ya siku, wakamtuma mwenzao mjini na fedha ya zamani. Kompyuta nayo huamka na saa ya jana kichwani, ikalazimika kuiuliza saa ndogo ya ndani ambayo haikulala. Tovuti ya mamlaka ya kodi, KRA, iliyokuwa wazi kwenye skrini humdai mtumiaji aingie upya, kwa sababu seva ilishamsahau.

John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Kitui, alieleza mwaka 1969 kwamba katika jamii nyingi za Kiafrika aliyekufa hubaki karibu na walio hai maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Locke alimtaka aliyeamka ajikumbuke. Mbiti anaonyesha jamii ambazo kwao kukumbukwa na wengine kuna uzito zaidi. Kwa kompyuta ya saiba, wa pili ndiye aliye karibu na ukweli: kumbukumbu yake yote inaweza kuwa salama, na seva ikakataa kuitambua.