Nani Hapa Anajua Ishara?

Swali hili huulizwa kila siku kwenye kaunta za nchi hii, na huulizwa kwa sauti kubwa, kana kwamba sauti ndiyo itakayosaidia. Kiziwi amefika. Ameonyesha sikio, ametoa kitambulisho, amesubiri. Karani anawageukia wenzake: "Jamani, nani hapa anajua ishara?" Hakosi mmoja. Alijifunza alfabeti ya vidole kanisani, au ana binamu kiziwi, au ni mchangamfu tu. Anaketi katikati, mikono inarushwa, kiziwi anaitikia kwa kichwa kwa sababu amechoka, karani anaandika, foleni inasonga. Jioni mnajaza ripoti kwamba mlemavu mmoja amehudumiwa.

Hakuhudumiwa huyo. Mlimwondoa kwenye foleni.

Nimewaona kwa macho yangu. Niliketi kwenye benchi la hospitali moja ya umma, pazia la chumba cha daktari likiwa nusu wazi. Ndani alikuwamo mama kiziwi mwenye mimba kubwa, na binti yake wa miaka tisa au kumi, sare ya shule bado mwilini. Daktari hakuwa mtu mbaya. Alimwita mtoto "mama mdogo", akamsogezea kiti. Kisha akamwambia amweleze mamake kwamba mtoto aliye tumboni hana mapigo ya moyo. Binti alinyamaza, mikono ikaganda kifuani. Halafu akaonyesha ishara moja fupi, na mama akatabasamu. Daktari aliyaona yale meno, akakunja uso, akaandika jambo kwenye faili. Walipotoka varandani nilimuuliza binti alichosema. "Nimemwambia mtoto amelala."

Ninyi mliosomea udaktari miaka sita, mkafundishwa namna ya kumpa mgonjwa habari nzito, kazi hiyo mlimtwika mtoto wa shule ya msingi, tena bila kumuuliza kama anaiweza. Na hamkuona haya, kwa sababu mbele yenu mikono ilisogea, na mikono ikisogea ninyi huona mazungumzo.

Wala msiseme hamkujua. Katiba mliiapia. Tangu Agosti 2010 imeandikwa, Kifungu cha 120, kwamba lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara. Cha 49 kinataka anayekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa. Cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo. Na kabla ya hayo, mwaka 2008, Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kifungu chake cha 9 kinataja wakalimani wa lugha ya ishara walio wataalamu. Walio wataalamu! Hakikutaja jirani, wala mtoto, wala askari aliyewahi kupanga nyumba karibu na shule ya viziwi.

Ila ninyi bado mnaidhani lugha hii ni kupunga mikono. Wengine wenu bado mnawaita viziwi wenyewe "mabubu", na mnalisema mbele yao mkiamini hawataliona midomoni mwenu. Wanaliona. Shule za kwanza za viziwi nchini zilifunguliwa 1961, Mumias na Nyang'oma, na lugha iliyokua kwenye mabweni ya shule kama hizo si Kiswahili kilichotiwa vidoleni wala Kiingereza kilichonyamazishwa. Ina sarufi yake. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mradi wa kuitafiti mwaka 1991.

Chukua neno dogo: kupiga. Kwa Kiswahili, "nilimpiga" na "alinipiga" hutofautishwa na viambishi. Kwa lugha ya ishara kazi hiyo hufanywa na mwelekeo wa mkono, unakotoka na unakoishia. Kukana kunaweza kukaa kichwani peke yake, mtikiso mdogo tu huku mikono ikiendelea na maneno yake. Nyusi zikipanda, kauli imegeuka swali. Sasa mlete kituo cha polisi yule mchangamfu wenu anayetazama vidole tu. Kiziwi anauliza, nyusi juu, kichwa kikikataa: mimi, nimpige? Mchangamfu anasoma: mimi nimempiga. Konstebo anaandika kwamba mshukiwa amekiri. Karatasi inapanda hadi mahakamani, na hakimu hana njia ya kujua kilichopotea kati ya paji la uso na kalamu.

Sijagusa dawa. Kimoja kutwa mara tatu, au vitatu kwa mkupuo mmoja? Mtu aliyejifunza alfabeti ya vidole kanisani atawatenganishia hayo kwa njia gani?

Tazameni tunavyodai vyeti kwingine. Makanga wa matatu huulizwa beji. Fundi wa stima huulizwa leseni kabla hajagusa waya. Mama wa chapati kando ya barabara huamkiwa na maafisa wa kaunti wakitaka cheti cha afya, na akikikosa, karai lake linapakiwa kwenye lori. Lakini mtu akijitokeza kubeba mdomoni mwake kesi ya mwenzake, au ugonjwa wake, au hatimiliki ya shamba lake, hakuna anayemuuliza amesomea wapi. Mnamshukuru kwa moyo wake wa kujitolea. Mnampa chai.

Sababu naijua, na ni ya aibu. Chapati mbovu itaniumiza mimi. Ukalimani mbovu hauniumizi, mimi nasikia. Anayeumia ni yule asiyeweza kunilalamikia isipokuwa kupitia mkalimani yuleyule.

Dunia nzima ililiona jambo hili siku moja, ikacheka, ikasahau. Desemba 10, 2013, uwanjani Soweto, wakuu wa nchi wakimuaga Nelson Mandela, alisimama kando yao mwanamume mwenye suti, aliyewekwa awe mkalimani wa ishara, akichora hewani vitu ambavyo havikuwa lugha yoyote. Marais walipita mmoja baada ya mwingine, Obama akiwemo, na hakuna aliyeshtuka. Viziwi waliokuwa wakitazama kwenye televisheni walijua tangu dakika za kwanza. Nasi tulimcheka yeye. Tungeuliza ni meza gani iliyompitisha, na kama kwenye meza hiyo alikuwapo kiziwi hata mmoja. Afrika Kusini ilikuja kuifanya lugha ya ishara kuwa lugha rasmi ya kumi na mbili mwaka 2023. Sisi tuliitia yetu kwenye Katiba miaka 13 kabla yao, na bado tunauliza kaunta nzima nani anajua ishara.

Nami nimo humo. Miaka michache iliyopita niliandaa baraza la mtaa kuhusu maji. Tulikuwa na wazee wawili viziwi, nikamsimamisha mpwa wangu aliyejifunza ishara kidogo chuoni. Alipendeza, picha zilitoka vizuri, na mwenyekiti akatusifu kwa kutomwacha mtu nyuma. Baada ya kikao mzee mmoja alichukua daftari langu akaandika: "Msichana ni mzuri. Alikuwa anasema nini?" Daftari hilo ninalo. Mita za maji zilipofungwa mtaani, wazee wale wawili ndio pekee waliokuwa hawajui bei mpya.

Nanyi mnaojiita wakalimani baada ya semina ya wiki mbili, sitawaruka. Mkifika mahakamani na neno likawashinda, mnalitunga. Mkiona kiziwi ameduwaa, mnamfokea kwa mikono kama mnavyomfokea mtoto. Siri ya kliniki mnaitoa sokoni, kisha mnashangaa kwa nini akina mama viziwi hawarudi kupima virusi. Mmezoea kusema "sisi tunajitolea". Daktari wa kujitolea naye huonyesha leseni.

Mtaniambia tukidai vyeti, vijijini hatutapata mkalimani hata mmoja. Uchache wa madaktari wa upasuaji haujatufanya tumkabidhi kisu mchinjaji. Na simu zenye video mnazo, mnazitumia kutazama mpira. Mkalimani aliyefuzu aliye Kisumu anaweza kuonekana kwenye kioo kule Lodwar ndani ya dakika tano, ikiwa tu kuna mtu aliyepanga kumlipa. Kozi zipo nchini. Chama cha wakalimani kipo. Jirani zetu Uganda wanafundisha ukalimani huu Chuo Kikuu cha Kyambogo. Wamarekani waliunda daftari lao la wakalimani mwaka 1964, wakati shule zetu za viziwi zilikuwa na miaka mitatu tu. Waliofuzu wapo hapahapa, nao nimewasikia wakisimulia: wanapigiwa simu saa mbili kabla ya kikao, wanaambiwa bajeti haipo, wapokee nauli.

Kiwango ninachokidai si cheti cha kutundika ukutani tu. Mtahiniwa atahiniwe na viziwi, kwa maana mtihani wa ukalimani usio na kiziwi kwenye meza ya watahini ni masikio yanayoyasifu masikio. Anayefaa kwenye mkutano wa chifu si lazima afae kwenye chumba cha kujifungulia au kizimbani. Huko pana msamiati wake na kiapo chake. Kesi ndefu iwe na wakalimani wawili wa kupokezana kila baada ya dakika ishirini au thelathini, kwani akili ikichoka mikono huendelea kusogea, na hilo ndilo balaa. Kiziwi ambaye hajapata kuona shule, mwenye ishara za nyumbani kwao tu, atafutiwe mkalimani aliye kiziwi mwenyewe, wafanye kazi na anayesikia bega kwa bega. Leseni ihuishwe, na ifutike. Malalamiko yapokelewe kwa video, kwa ishara, na mtu ambaye si yule anayelalamikiwa. Mpaka kiwango hicho kiwe sharti kila kaunta, kila mkuu wa ofisi anaweza kuanza na swali jingine badala ya lile la kila siku: cheti chako kiko wapi, na nani alikutahini?

Maspika, majaji, makamishna wa kaunti, wasimamizi wa hospitali: magavana hawawezi kuajiri kile ambacho hakuna aliyekitengea pesa, na ninyi hamwezi kuomba pesa kwa kazi mnayoamini inaweza kufanywa na mtoto. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Fungu la wakalimani liwe kwenye bajeti kabla ya hapo, kwa jina lake, lisifichwe chini ya "mengineyo". Na yule binti mrudisheni darasani.