Mlinzi wa Gereza la Filipi na Ndugu Zetu Waliokata Tamaa

Somo: Matendo ya Mitume 16:25–34



Habari za Paulo na Sila gerezani Filipi twazijua tangu darasa la ubatizo. Twakumbuka jinsi walivyopigwa fimbo pasipo hukumu, miguu yao ikatiwa katika mkatale, nao wakaomba na kuimba usiku wa manane, hata nchi ikatikisika na milango yote ikafunguka. Mara nyingi mahubiri hukaa penye wimbo na tetemeko, kisha huruka hadi penye ubatizo wa mlinzi na watu wa nyumba yake. Lakini katikati lipo jambo ambalo twataka kulitazama mwezi huu, kwa kuwa limo katika nyumba zetu wala halisemwi. Kabla mlinzi yule hajauliza habari za wokovu, alikuwa amekwisha kuchomoa upanga ili ajiue.

Kwa nini alitaka kufa? Askari aliyepotewa na wafungwa aliweza kulipa kwa uhai wake mwenyewe. Katika sura ya 12 ya kitabu hiki twasoma jinsi Herode alivyowaua walinzi baada ya Petro kutoka gerezani. Basi mtu huyu aliamka usingizini, akaona milango i wazi, akajihukumu papo hapo. Aliona aibu mbele yake, na mauti nyuma ya aibu, asione njia ya tatu. Lakini tazameni, wapenzi: hukumu yake haikuwa ya kweli. Milango ilikuwa wazi kweli, ila hakuna mfungwa hata mmoja aliyetoka. Aliona milango, hakuona watu.

Ndivyo ilivyo kwa mtu aliyekata tamaa. Kijana ameshindwa mtihani, na ada ilitokana na ng'ombe aliyeuzwa na baba yake. Baba ana deni lisilolipika. Mama amezaa mtoto, na badala ya furaha moyo wake umejaa giza asilolielewa. Mzee ameachwa peke yake nyumbani, wanawe wote wako mjini. Shida hizi ni za kweli, kama milango ya Filipi ilivyokuwa wazi kweli. Lakini moyo ulio gizani hutoa hukumu iliyo kubwa kupita ushahidi. Humwambia mtu kwamba yeye ni mzigo kwa watu wake, kwamba wataona nafuu akiondoka, kwamba hakuna aliyebaki upande wake. Naye huyasadiki.

Tena madaktari watufundisha kwamba mara nyingi chini ya mawazo hayo pana maradhi, kama vile sonona, ndiyo huzuni nzito isiyoondoka, impokonyayo mtu usingizi, hamu ya chakula na nguvu za kazi. Ulevi nao huongeza hatari. Watufundisha pia kwamba saa ile ya kutaka kufa huja kama dhoruba, na mara nyingi dhoruba hupita, mtu akilindwa mpaka ipite. Wengi waliookolewa katika saa hiyo wamekaa miaka mingi baadaye, wakaona wajukuu wao.

Wala jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 727,000 walijiua katika dunia yote. Ukipiga hesabu, haiishi dakika moja pasipo mtu mmoja kuondoka hivyo. Katika vijana wa miaka 15 hata 29 hiyo ilikuwa sababu ya tatu ya mauti. Asiwaze msharika awaye yote kwamba haya ni mambo ya Ulaya tu, maana karibu robo tatu ya vifo hivyo vilikuwa katika nchi zenye mapato madogo na ya kati, na nchi zetu zimo.

Basi sasa na tuangalie yale aliyoyafanya Paulo.

Kwanza, hakunyamaza. Alipaza sauti kuu, akamwambia mlinzi asijidhuru. Kwetu wako wengi waogopao kulitaja neno hili, wakidhani kwamba kuuliza ni kumtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Wachunguzi wa mambo haya wameona kwamba kuuliza kwa upole hakumtii mtu wazo la kufa. Bali mara nyingi humfungulia mlango wa kusema. Salamu zetu ni njema, lakini jibu lake limekwisha kutengenezwa tangu zamani. Ukimwuliza mtu, "Hujambo?" atajibu, "Sijambo," hata moyo wake ukiwaka moto. Kwa hiyo baada ya salamu tuketi. Tumwulize tena kwa maneno ya wazi: "Ndugu yangu, nakuona umebadilika. Je, umefika mahali pa kufikiri kujiua?" Kisha tunyamaze, tumsikilize.

Zipo ishara zinazotutaka tuulize. Mtu asema kwamba heri asingalizaliwa, au kwamba hivi karibuni hatamsumbua mtu tena. Aliyependa kwaya aacha kwaya. Agawa vitu vyake avipendavyo, au aagana na watu pasipo safari. Azidisha pombe. Au baada ya huzuni ya siku nyingi ghafula aonekana ametulia, wala hakuna lililobadilika. Mambo haya tusiyaite deko. Asemaye kwamba atajiua hasemi mchezo; tumsadiki.

Pili, Paulo hakumlaumu. Mgongo wake ulikuwa na majeraha, na mlinzi huyu ndiye aliyeifunga miguu yake. Angaliweza kumhubiria juu ya dhambi zake kwanza. Lakini alianza na uhai wake. Ndivyo Mungu alivyomtendea nabii Eliya pia, kama tusomavyo katika 1 Wafalme 19. Eliya alilala chini ya mti jangwani, akaomba afe. Malaika aliyetumwa kwake hakuja na makemeo. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha mara ya pili, maana safari ilikuwa ndefu kupita nguvu zake. Maswali ya Mungu yalikuja baadaye. Musa naye aliomba kufa, na Yona, na Ayubu aliilaani siku yake. Hawa ni watumishi wa Mungu. Basi tusimwambie ndugu yetu kwamba imani yake ni haba. Tumpelekee uji.

Tatu, Paulo hakusema kwa ajili ya nafsi yake peke yake. Alimpa mlinzi habari kwamba wote wamo, hakuna aliyeondoka. Hilo ndilo neno lililouangusha uongo wa upanga, kwa kuwa mlinzi alidhani amebaki peke yake na aibu yake. Hapa usharika wapata kazi yake, ambayo mchungaji hawezi kuitenda peke yake, wala mwinjilisti.

Twatoa mfano wa Zimbabwe. Daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alifiwa na mgonjwa wake aliyejiua, kwa kuwa jamaa zake walikosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitali. Daktari akaona kwamba kungoja watu waje kwake hakutoshi. Mwaka 2006, huko Mbare katika mji wa Harare, alianza kazi na mabibi wazee 14, akawafundisha kuketi na watu kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza, na kutafuta pamoja nao njia ya kutoka katika shida moja moja. Washona wana jina la ugonjwa huo, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Nasi twasema mtu ana mawazo mengi. Mwaka 2016 matokeo ya uchunguzi wao yalitolewa. Waliangalia wagonjwa 573 katika zahanati za Harare, na wale walioketi na mafundi hawa wa kusikiliza walipata nafuu kupita wenzao waliotunzwa kwa desturi ya kawaida. Je, usharika gani hauna bibi ajuaye kusikiliza? Usharika gani hauna benchi?

Lakini twawaonya walimu na wazee wa kanisa juu ya siri. Siri ya toba hutunzwa. Bali mtu akikuambia kwamba ataka kufa, usiapie kuibeba siri hiyo peke yako. Mwambie kwa upendo: "Nitakaa nawe, tena tutamwita mtu wa kutusaidia." Usimwache peke yake usiku ule. Mchague pamoja naye ndugu anayemwamini, kisha mfikisheni hospitali, nanyi mfuatane naye mpaka mlangoni pa daktari.

Nne, tazameni taa na upanga. Mlinzi aliitisha taa, akaingia akitetemeka. Kwa taa aliona yale ambayo giza lilimficha. Taa ya namna hii Mungu ametupa katika hospitali pia. Wapo wasemao kwamba aendaye kutibiwa akili ameiacha sala. Tuwajibu kwamba habari hii yote ya Filipi iliandikwa na Luka, naye Luka ni tabibu, kama Paulo amwitavyo katika Wakolosai 4:14. Kanisa letu wenyewe lina ushuhuda wa kale. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Bethel walijenga nyumba mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Hata leo ni hospitali ya Kanisa. Sala na dawa hazijagombana huko. Wagonjwa hutibiwa, hufanya kazi, na humwomba Mungu.

Na upanga je? Upanga urudi alani, tena uwekwe mbali. Katika nyumba zetu za wakulima dawa kali za kuua wadudu huwekwa chini ya kitanda, karibu na mbegu. Zifungiwe kwa kufuli, ufunguo ukae kwa mtu mwingine, au zitunzwe mahali pamoja nje ya nyumba. Jambo hili laonekana dogo, lakini limeokoa watu wengi. Katika nchi ya Sri Lanka serikali ilikataza dawa zilizo kali zaidi, na baada ya makatazo ya mwaka 1995 na yale yaliyofuata, hesabu ya waliojiua ilishuka kupita theluthi mbili kwa muda wa miaka 20. Wala mashamba hayakuacha kuzaa. Dhoruba ikimkuta mtu mbali na upanga, mara nyingi hupita naye yu hai.

Sasa twasema neno juu ya wale ambao hawakuisikia sauti kwa wakati. Katika sharika nyingi jamaa zao huzika kwa aibu, watu hunong'ona matangani, na watoto wao hutajwa njiani kwa vidole. Martin Luther, katika mazungumzo ya mezani mwaka 1532, alikataa kusema kwamba watu hawa wamepotea hakika. Aliwafananisha na msafiri aliyeshambuliwa na mnyang'anyi mwituni, akauawa. Hata hivyo alionya kwamba neno hili lisiwe mlango wa kumjaribu mtu, nasi twaonya vivyo hivyo: Amri ya Tano yaulinda uhai wako wewe, kama iulindavyo uhai wa jirani yako. Basi marehemu tumwachie Mungu aliye hakimu wa haki na Baba wa rehema. Walio hai tuwakaribie. Mjane wa namna hii apikiwe kama wajane wote. Tusimwulize kwa nini hakuona. Na yule aliyejaribu kufa akaponywa, akirudi kanisani apewe nafasi kitini kama ndugu atokaye hospitali, maana ndivyo alivyo.

Na wewe usomaye ukurasa huu, huku moyoni umeushika upanga, twasema nawe. Hukumu uliyojitolea usiku haikuona watu wote waliomo. Usiitimize. Ngoja taa. Usiku huu huu mwamshe mtu mmoja: mke wako, ndugu yako, mwalimu wako, jirani. Mwambie neno lenyewe, usilizungushe. Kama wa kwanza hakuelewa, mwambie wa pili. Nenda penye watu, uache mbali nawe kitu chochote cha kukudhuru, na asubuhi mwende pamoja hospitali. Hutakuwa mzigo. Wafungwa wale hawakumwona mlinzi kuwa mzigo. Alikuwa mtu wa kuokolewa.

Tazameni mwisho wa usiku ule. Yule aliyetaka kufa usiku wa manane, kabla hakujapambazuka alikuwa akiosha majeraha ya wenzake. Akabatizwa pamoja na watu wake, akaandaa meza, na nyumba nzima ikafurahi. Yote hayo yalikuwa yakimngoja nyuma ya saa moja ya giza, naye hakuyajua. Kilichomvusha ni sauti ya mtu aliyemwambia kwamba hawajaondoka.

Basi, wazee na walimu, Jumapili hii baada ya ibada msitawanyike upesi. Ulizeni ni nani aliyekosekana majuma haya, nanyi wawili wawili mwende kwake. Mkifika mlangoni, mwambieni kwamba mpo.

Ee Bwana Yesu, wewe uliyehuzunika Gethsemane hata kiasi cha kufa, ukawaomba rafiki zako wakeshe nawe, utukeshe sisi. Uwashike wanaoshindwa usiku huu, uwafariji waliofiwa, uwabariki waganga, nasi utupe sauti ya kuita wala tusinyamaze. Amin.