Usioshe Usichokijua

Ndugu zangu mnaoendesha mitambo ya maji, kisa hiki ni cha kweli. Kimetokea mbali, lakini chaweza kumkuta yeyote kati yetu.

Mwaka 2003, mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari ulianza kazi Tampa Bay, jimboni Florida, Marekani. Ulitarajiwa kutoa lita zipatazo milioni 95 kwa siku. Haukupita muda mrefu, filta za mwanzo zikawa zinaziba kabla ya wakati, na tando za kuchujia zikachafuka mno. Kome wa kijani wa Asia walikuwa miongoni mwa visababishi. Mwaka 2005 mtambo ulisimamishwa ukarabatiwe, na ulikubaliwa rasmi mwishoni mwa 2007. Gharama ilipanda kutoka dola milioni 110 hadi milioni 158.

Dalili zilikuwapo. Mwaka 1999, wapiga mbizi waliwakuta kome hao wamejazana kwenye njia za maji ya kupoozea za kituo cha umeme katika ghuba hiyohiyo. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji! Kisha filta zenyewe zikaanza kusema. Filta inayoziba mapema ina habari ndani yake. Tukiibadilisha bila kuichunguza, tumeitupa habari hiyo.

Hapa ndipo hadubini inapohitajika. Kome mchanga anayeelea majini hafiki nusu milimita, na bakteria ni mdogo zaidi. Bakteria hujishikiza kwenye utando, hutoa ute, na presha hupanda. Lakini presha hupanda pia chokaa inapoganda, na geji haitakwambia ni kipi kati ya hivyo. Dawa zao ni tofauti: chokaa huyeyuka kwa asidi, ilhali ute hutaka dawa ya alkali.

Kwa hiyo kata kipande cha utando, kitunze kikiwa kibichi na baridi, kipeleke maabara. Kwa rangi maalumu, bakteria hai huonekana kijani na waliokufa wekundu. Hata wakionekana wamekufa wote, tusishangilie: mabaki yao yasipoondolewa huwa chakula cha watakaofuata. Tukumbuke pia kwamba hadubini ya elektroni kwa kawaida hutaka sampuli iliyokaushwa, na ute ukikauka husinyaa, ukaonekana mwembamba kuliko ulivyokuwa.

Najua hali ya zamu. Wateja wanadai maji, mkubwa anapiga simu, na kuongeza dawa ni rahisi kuliko kufungua mtambo. Mimi nawe tunaweza kuteleza hapo hapo. Basi tuwekeane ahadi: presha ikipanda bila sababu inayojulikana, tuchukue sampuli na kuitazama kwanza, ndipo tuchanganye dawa.